Kwao ni Wapi?

Wako watu katika mji wa Dodoma ambao usiku huwakuta penye baraza za maduka, na asubuhi huwakuta papo hapo. Twawapita tukienda ibadani. Neno tutakalo kuliwaza leo si kama yafaa kuwapa shilingi. Hilo ni la kila mtu na dhamiri yake. Twauliza hivi: mtu asiye na nyumba, ni wajibu wa nani kumpatia mahali pa kulala, na mahali hapo pawe wapi?

Jibu la watawala tangu zamani lilikuwa jepesi: arudi kwao. Mwaka 1944 Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na miongoni mwao wasio na kazi ya kudumu. Mwaka 1983, nchi ikiwa huru, ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wengi wakakamatwa wakapelekwa vijijini, na wengi wao wakarudi mjini. Aprili 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliagiza ombaomba waondoke katika jiji lile. Nasi wa nyanda hizi za kati agizo la namna hiyo latugusa, kwa maana mara nyingi huko "kwao" ni Ugogo, hata jina la Mgogo limefanywa mzaha vinywani mwa watu.

Basi na tulitazame neno hili "kwao". Wazee wetu waliijua njaa. Ile iitwayo Mtunya, tangu 1918 hata 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Wadachi na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Wakati wa njaa mtu alikwenda kuhemea. Alichukua alicho nacho, au mikono yake mitupu, akaenda kwa jamaa au rafiki wa mbali, akafanya kazi, akalishwa, naye akalala ndani ya tembe pamoja na wenyeji. Hakuitwa mzururaji. Twadhani aendaye mjini leo mvua ikishindwa afanya jambo lile lile. Aliyebadilika ni mwenyeji. Mji hauna ujamaa na mtu. Ndiyo sababu mji una baraza lake na maofisa wake, ili kwa kodi ya wote wafanye lile ambalo zamani mwenye tembe alilifanya peke yake.

Wengine watasema: akipewa nyumba bure atakuwa mvivu, na wenzake watamfuata. Neno hili si la kudharauliwa, maana hata mwenyeji wa zamani alimpa mgeni jembe siku ya tatu. Lakini angalieni taratibu yake: kwanza mgeni alilala na kula, ndipo jembe likatoka. Mtu aliyekesha akilinda blanketi lake lisiibwe, asubuhi atalima nini? Tena miongoni mwao wamo vipofu, wazee na wenye ugonjwa wa akili, ambao hata jembe hawaliwezi.

Wala nyumba peke yake haitoshi. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, Serikali iliwakusanya watu wa mkoa huu katika vijiji, ili waokoke na njaa za mara kwa mara. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali pamoja na wanakijiji, na moyo ule twausifu. Lakini wako waliohamishwa bila kupenda, mbali na malisho na mashamba yao. Mtu akiwekwa penye ukuta mzuri pasipo riziki, ataondoka. Wala tusimwite mtu asiye na shukrani kwa sababu hiyo.

Yaliyofanywa mpaka sasa ni machache, ila yapo. Sukamahela, katika wilaya ya Manyoni, kuna makao ya Serikali ya wazee wasiojiweza, na Kikombo, Dodoma, makao ya watoto. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 yaagiza kila halmashauri kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Haisemi aliyezaliwa hapo; yasema aliyeko. Kwa hili sheria imetushinda hekima, sisi tuulizao kwanza kabila la mtu. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kumwadhibu mtu kwa uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika. Kukosa mahali pa kulala si kosa la jinai.

Lakini mtu mzima asiye mtoto wala mzee, aende wapi? Hapa ndipo twaona pengo. Mwenyekiti wa mtaa ana daftari la wakazi. Humo huandikwa nyumba, na mwenye nyumba, na waliomo. Alalaye barazani hana nyumba, kwa hiyo hana mtaa, na asiye na mtaa hana mwenyekiti wa kumpelekea shida yake wala wa kumwombea msaada kwa afisa wa ustawi wa jamii. Wenyeviti wa mitaa wengine ni washarika wetu, nasi twawajua kwa majina. Twawauliza: mtu yule wa barazani, ambaye yuko hapo tangu kabla ya Krismasi, ameandikwa katika daftari la nani?