Unafuu wa Kodi na Mpishi Asiye na Karatasi ya Mshahara

Mwaka 2020, wakati wa korona, shangazi yangu wa Muyinga alikuwa mpishi katika asasi moja ndogo inayowatunza watoto yatima mchana na kuwarudisha kwa jamaa zao jioni. Burundi haikuwafungia watu majumbani kama nchi nyingine, kwa hiyo asasi ile haikufunga milango. Kilichofungwa ni mfuko. Wafadhili walichelewesha fedha, kisha wakanyamaza. Watu wanne wenye mkataba waliendelea kupata nusu mshahara. Wengine sita, shangazi akiwamo, walioandikwa kuwa ni wajitoleaji wa kupewa posho kidogo, waliambiwa wavumilie. Wote kumi waliendelea kuja kazini.

Katika insha hii nauliza: serikali inapoamua kuzisaidia asasi za namna hii kwa kupitia kodi ya mishahara, msaada huo ni haki ya nani?

Swali hili si la kubuni. Kenya, kwa sheria ya Aprili 2020, iliwasamehe kodi ya mshahara watu wote waliopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na kiwango cha juu kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Rwanda, ambayo si mbali na Muyinga, iliwasamehe kwa miezi sita walimu wa shule binafsi wenye mshahara usiozidi faranga 150,000 za huko. Marekani ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya tarehe 27 Machi 2020 ilimpa mwajiri aliyeathirika unafuu katika kodi ya mishahara kwa kila mfanyakazi aliyeendelea kumlipa, na asasi zisizolenga faida zikaingizwa humo pamoja na makampuni.

Mpango huo ulikuwa na busara yake. Asasi isiyogawana faida hailipi kodi ya mapato, kwa hiyo ukiipunguzia kodi hiyo hujaipa kitu. Kodi ya mishahara, kwa upande mwingine, inailipa kama mwajiri yeyote. Waliotafuta njia ya kuifikia haraka waliona mlango huo uko wazi, wakaupita.

Mwenzangu ninayepanga naye hapa Gitega, mwanafunzi wa uchumi, aliona swali langu halina uzito. "Hurudishiwi usichotoa," aliniambia. "Shangazi yako hakukatwa kodi, sasa asamehewe nini?" Nilikaa na hoja hiyo siku mbili tatu, maana ni kweli kwamba msamaha unahitaji deni.

Kisha nikapiga hesabu ya Marekani. Mwaka 2020 unafuu ulikuwa asilimia 50 ya mshahara, kwa mshahara usiozidi dola 10,000 kwa kila mfanyakazi, yaani dola 5,000. Kodi ya hifadhi ya jamii anayodaiwa mwajiri juu ya dola hizo 10,000 ni asilimia 6.2, yaani dola 620. Unafuu ulipozidi kodi, hazina ililipa tofauti. Sasa zile dola 4,380 zilikuwa marejesho ya nini? Mwajiri hakuwa amezitoa. Yalikuwa malipo ya kuifanya kazi isikatike, yakapitishwa kwenye fomu ya kodi kwa sababu fomu tayari ilikuwapo. Na kama kilicholipiwa ni kazi kutokatika, basi uji wa watoto wa Muyinga nao haukukatika, ingawa aliyeukoroga hakuwa katika fomu yoyote.

Mwenzangu hakunyamaza. Alisema fedha za umma zinahitaji ushahidi, akanikumbusha kwamba Septemba 2023 mamlaka ya kodi ya Marekani ilisimamisha kushughulikia maombi mapya ya unafuu huo, kwa kuwa yalikuwa yamefurika maombi ya kutilia shaka yaliyochochewa na mawakala wenye tamaa. Kama mambo yalikuwa hivyo kwa wenye karatasi, kwa wasio nazo itakuwaje? Kwa hili sina jibu kamili. Nakubali kwamba ushahidi ni lazima. Ninachokataa ni kudhani kuwa karatasi ya mshahara ndiyo ushahidi pekee. Vijijini kwetu kuna ikibiri: leo majirani wanalima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Hakuna anayeandika, lakini kosa kwenda mara mbili, uone kama zamu yako ikifika watakuja. Na asasi ile ilikuwa na daftari la mahudhurio. Wote kumi walitia saini kila asubuhi.

Pingamizi lililonisumbua zaidi ni jingine, nalo nilijiwekea mwenyewe. Je, ukimlipa anayejitolea, hujaiharibu zawadi yake? Nimelelewa miongoni mwa Waislamu wa Muyinga, na kwetu hata mtoto anajua tofauti ya sadaka na ujira. Sadaka mtu huitoa kwa nia yake, ujira mtu huudai. Nilimpigia shangazi simu nikamwuliza, nikitarajia atanitajia thawabu.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuwa najitolea. Nilikuwa nangoja waniandike."

Alikuwa amengoja miaka mitatu. Tangu siku hiyo neno "mjitoleaji" nalisoma kwa tahadhari. Wapo wanaojitolea kweli: pale pale palikuwa na mwalimu mstaafu aliyewafundisha watoto kusoma na kukataa hata nauli. Wapo pia waliopewa jina hilo kwa sababu mwenye jina hilo halipiwi mchango wa INSS. Msaada unaopitia karatasi ya mshahara hauwezi kuwatenganisha watu hao wawili, kwa kuwa hauwaoni wote.

Hata angeandikwa, kwetu kodi ya mshahara haianzi mpaka mtu apite faranga 150,000 kwa mwezi, naye asingefika huko. Msamaha wa kodi hiyo usingempa hata faranga moja. Msaada wa serikali uliomfikia ulikuja kwa njia ya sabuni. Mwishoni mwa Juni 2020, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Ndayishimiye aliitaja korona kuwa adui mkubwa wa Warundi, na bei ya sabuni ya bluu ikapunguzwa kwa nusu. Dukani hakuulizwa mkataba. Lakini msaada ule ulimfikia kama mnunuzi, si kama mpishi, na tajiri wa jirani aliipata sabuni kwa bei ile ile.

Likizo iliyopita nilikwenda Muyinga. Asasi ilikuwa inaandaa orodha ya watu wake kwa ajili ya mfadhili mpya, na mkurugenzi akaniomba niinakili kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kwenye safu ya cheo alitaka wote sita niwaandike "mjitoleaji". Nikamwuliza kama naweza kuandika kazi wanayoifanya. Akafikiri kidogo, akasema mfadhili atauliza kwa nini mpishi hana mshahara.

"Mzee," nikamwambia, "acha aulize."