Kipini na Hazama: Asili Yake na Hukumu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na sala na salamu zimshukie Bwana Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika miji ya pwani si ajabu kusikia barazani, baada ya sala ya alasiri, mtu akisema kuwa amemkataza mkewe au bintiye kipini cha pua, na hoja yake ni moja tu: kwamba kipini ni desturi ya Mabaniani, na mwenye kujifananisha na kaumu huwa katika wao. Hoja hii ni nzito kuliko anavyodhani msemaji wake. Kwani amemtia mwanamke wa Kiislamu, mwenye kusali na kufunga, katika safu ya waabudu masanamu, kwa sababu ya tone la dhahabu lisilozidi punje ya mtama. Neno kama hilo si halali kutamkwa ila kwa ujuzi. Basi yafaa jambo hili litazamwe kwanza limetoka wapi, kisha litazamwe wanavyuoni wamelihukumu vipi, kwani haya ni mambo mawili, na wengi huyachanganya.

Majina yenyewe yana habari. Kipini ni neno la Kiswahili, ni mpini mdogo, nalo ndilo lilelile la kisu. Lakini hazama ni neno la Kiarabu, khizama, na asili yake si pambo. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 wa Hijra (1311), ameeleza katika Lisanul-Arab kuwa ni pete ya nywele itiwayo upande wa pua ya ngamia, ipate kufungwa hatamu. Basi jina limetoka kwa mnyama likaja kwa mwanadamu. Na kwa hilo wako wanaosema kuwa pete ya pua ni alama ya utumwa, mwanamke afungwe kama afungwavyo ngamia. Walakini jina kuazimwa si dalili kuwa na maana imeazimwa pamoja nalo. Mkufu wa shingoni na mnyororo wa mfungwa hufanana umbo, na hakuna aliyesema kwamba mwanamke mwenye mkufu ni mfungwa.

Kweli, iko hadithi sahihi yenye neno hili, nayo imo katika Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Abbas. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akitufu Al-Kaaba alimpita mtu akimwongoza mwenziwe kwa khizama iliyo puani mwake. Akaikata kwa mkono wake mtukufu, kisha akaamuru aongozwe kwa mkono. Na imepokewa tena kwa Tawus, kwa isnadi isiyofika kwa sahaba, kwamba hapana zimamu wala khizamu katika Uislamu. Kuna wanaozitoa hadithi hizi mbili kuwa dalili ya kuharimisha kipini. Hapo pana haraka. Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra (1210), ameieleza hii ya pili katika An-Nihaya: makusudio yake ni yale waliyokuwa wakiyafanya wachamungu wa Bani Israili, kujitoboa pua na kujitia kigwe kwa kuiadhibu nafsi. Na yule wa kwenye tawafu hakuwa amejipamba. Alikuwa akiburutwa kama mnyama, akidhani kuwa hiyo ni ibada. Kilichokatwa ni udhalilifu uliovishwa nguo ya dini. Msichana anayetazama kioo siku ya Idi hayumo humo.

Na pambo lenyewe ni la kale mno. Katika Taurati iliyo mikononi mwa Mayahudi, kitabu cha Mwanzo, mlango wa 24, imetajwa kuwa mjumbe wa Nabii Ibrahim alipokwenda kumposea Is-haka alimtia Rebeka pete ya dhahabu puani, uzani wake nusu shekeli. Habari za vitabu vyao hazisadikishwi wala hazikadhibishwi pasipo ushahidi. Lakini hata asiyezichukua kuwa ni khabari ya Mitume hawezi kukana kuwa waandishi wa kitabu kile, katika nchi ile, waliijua pete ya puani kuwa ni zawadi ya bibi arusi. Na pambo hilo halikutoweka katika nchi za Kiarabu. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836 juu ya desturi za Misri, ameandika kuwa khizamu ilivaliwa na wanawake wachache wa Kairo walio mafakiri, na wengi wa mashamba ya juu na ya chini. Nyingi zilikuwa za shaba, zenye ushanga wa kioo mwekundu na wa buluu, zikitiwa upande wa kuume wa pua na kuning'inia mbele ya mdomo, hata mwenye kula ikamlazimu kuishika kwa mkono mmoja. Hao walikuwa Waislamu, na karibu yao hapakuwa na Mabaniani.

Sasa ije ile hoja ya Bara Hindi. Kila mtu wa pwani amemwona mwanamke wa Kibaniani na pete yake ya pua, iitwayo nath, na akiona jambo kwa mtu kila siku hudhani kuwa yeye ndiye mwenye asili yake. Walakini wataalamu wa Kihindi wenyewe, wasio Waislamu, walilichungua jambo hili karibu na mwaka 1938, mmoja ni P. K. Gode na mwingine A. S. Altekar. Walitazama masanamu ya kale ya Bharhut na Sanchi, ambayo wanawake wake wamejaa vipuli, vikuku, mikufu na mishipi, hapana mahali pa mwili pasipo pambo. Na pua zao ni tupu. Wakatazama vitabu vya kale vya Kisanskriti, wakakuta majina mengi ya mapambo ya masikio, na la pua hawakulikuta. Khabari za pambo la pua zaanza kuonekana karibu na mwaka 1000 wa Miladi na baada yake. Altekar akasema waziwazi kuwa Mabaniani wamelichukua kwa Waislamu. Waliokuja nyuma wamebishana juu ya tarehe, na mlango wa utafiti haujafungwa. Lakini ni jambo la kustaajabisha: pwani Mwislamu humkataza mkewe kipini kwa kuwa ni cha Mabaniani, na huko Bara Hindi mtaalamu wa Kibaniani akaandika kuwa ni cha Waislamu.

Basi hoja ya kujifananisha imeanguka. Je, kwa hivyo kipini ni halali? La, si kwa hivyo. Hukumu ya sharia haisimami juu ya tarehe ya masanamu.

Wafuasi wa Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, wana neno zito katika mlango huu, na haifai kulificha kwa kuwaridhisha watu. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra (1567), amesema katika At-Tuhfa kuwa kutoboa pua kwa ajili ya pete ya fedha au dhahabu kwaonekana kuwa ni haramu moja kwa moja. Kwani hapana pambo katika hilo la kusamehewa jeraha, ila kwa kundi dogo la watu, na kundi hilo halitazamwi mbele ya desturi ya jumla. Tofauti na masikio. Na atazame msomaji sababu aliyoitaja. Hakutaja Mabaniani wala ukafiri. Ametaja jeraha, na kwamba jeraha halisamehewi ila kwa haja inayojulikana na watu.

Upande wa pili, al-Haskafi wa madhehebu ya Hanafi aliliuliza suala hili, akasema hakuona neno lake vitabuni. Ibn Abidin wa Damaski, aliyefariki mwaka 1252 (1836), akanakili jibu: ikiwa ni katika wanavyojipambia wanawake, kama ilivyo katika baadhi ya nchi, basi hapo ni kama kutoboa sikio kwa kipuli. Akaongeza kunakili kuwa Mashafi'i wamelijuzisha. Kwa hivyo ndani ya madhehebu yenyewe zimepokewa kauli mbili. Wala si ajabu, kwani hata sikio lilikuwa na khilafu: Imamu Ghazali katika Ihyaa alilikataza kwa sababu iyo hiyo ya jeraha, na waliomjibu walitoa hadithi ya Ummu Zar'i, na ya wanawake waliovua vipuli vyao siku ya Idi wakavitoa sadaka mbele ya Mtume, naye asiwakemee tundu za masikio yao.

Mwenye kutaka kujihifadhi na aishike kauli ya Ibn Hajar, asitoboe pua ya bintiye, na amefanya vyema. Mwenye kuona kuwa pwani ni katika zile nchi ambazo kipini ni pambo linalojulikana, anayo kauli ya kuegemea. Na jambo lenye khilafu ya wanavyuoni halikemewi kama likemewavyo lililokatazwa kwa ijmai. Sembuse kumtolea mke talaka kwalo, kama wafanyavyo majahili. Ama mwanamume kujitoboa pua na kuvaa kipini, hilo halimo katika khilafu hii, kwani ni kujifananisha na wanawake, na dhahabu kwake ni haramu.

Yapo mambo mawili yanayosahauliwa na wanaogombana. La kwanza ni udhu na josho. Yawajibika maji yafike kwenye ngozi iliyo chini ya kipini na kwenye sehemu ya tundu inayoonekana. Kikibana, na akitikise au akivue. Mume anayekesha akibishana juu ya asili ya kipini na asimfunze mkewe hili ameacha faradhi.

La pili ni mjane. Aliyefiwa na mumewe hujiepusha na mapambo, na kipini ni katika mapambo, miezi minne na siku kumi, au hata ajifungue ikiwa ana mimba. Hiyo ni sharia. Lakini katika desturi ya kale ya Mabaniani wengi mjane huvua nath asiivae tena maisha yake yote, kwani kwao ni alama ya mume aliye hai. Basi wale wanaomkunjia uso mjane wa Kiislamu akikirudisha kipini baada ya eda, wakisema, "Huyu amevaa kwa ajili ya nani?", hao ndio walioshika desturi ya Mabaniani bila ya kujua. Eda ikiisha, kipini ni mali yake. Akitaka hukirudisha puani siku ile ile, na akitaka humpelekea sonara amfulie pete.