Hukumu Guni

Neno mizani lina maana mbili katika lugha yetu. Kwa muuza samaki ni vitanga viwili: kimoja kikishuka, chengine hupanda. Kwa mshairi ni hesabu: ukwapi una mizani nane zake, na utao una nane zake, ukipunguza huku ili uzidishe kule, hukumfaidi yeyote, umeleta guni.

Nadai, msomaji mwema, kwamba tunapopima haki ya aliyedhulumiwa na haki ya aliyeshitakiwa, aghalabu hushika mizani ya sokoni, ilhali ifaayo ni ya shairi. Barazani utasikia: "Mshitakiwa ana wakili, ana dhamana, anaitwa bwana fulani, na huyu mtoto aliyeharibiwa, yeye ana nini?" Swali hili limetoka katika uchungu, nalo linastahiki jawabu. Lakini ndani yake mmejificha dhana kwamba kila alichopewa mmoja amenyang'anywa mwenziwe.

Tuipime dhana hiyo. Pwani yetu iliijua zamani, kwa makadhi wake, kanuni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 50, yataka mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vyengine. Sasa tuseme kanuni hii imevunjwa, akafungwa asiyetenda. Mdhulumiwa amepata nini? Aliyemtenda angali akipita kichochoro kile kile, na faili limekwisha kufungwa. Haki ya mshitakiwa kumbe ni ngao ya mdhulumiwa pia.

Tugeuze upande wa pili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya, ya mwaka 2006, yairuhusu mahakama kumkinga shahidi dhaifu asitazamane ana kwa ana na anayemshitaki, na yazuia asichimbuliwe maisha yake ya nyuma ila kwa idhini ya mahakama. Mshitakiwa amepungukiwa na nini? Wakili wake angali akiuliza, na hakimu angali akisikiliza. Alichokosa ni nafasi ya kutisha na kufedhehesha, na hiyo haikuwa haki yake hata siku moja.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ilianza na kosa la muuza samaki. Kwa kuchelea watu kusingiziwa, iliwekwa ibara kwamba atakayetoa tuhuma ya uongo ataadhibiwa sawasawa na adhabu ya kosa alilolidai. Jiwe kwa jiwe, vitanga vikalingana. Lakini mfikirie binti aliyesimama mlangoni pa kituo cha polisi akijiuliza: nisiposadikiwa, je, nitafungwa mimi? Ibara ile ilifutwa mwaka 2012. Wala kufutwa kwake hakukumwacha mshitakiwa uchi, kwani kusema uongo kortini ni kosa la jinai, nako kulikuwa kosa kabla yake.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya mauaji, iliulizwa kama waliofikwa na msiba waweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wao. Ilijibu kuwa wana nafasi, na sauti yao isikilizwe. Lakini wasigeuke kuwa mwendesha mashitaka wa pili, na ni juu ya jaji kuangalia kuwa ushiriki wao haumdhulumu mshitakiwa. Hapo naona ukwapi na utao, kila kimoja kikatimizwa mahali pake.

Sitaki kumhadaa msomaji kwamba hakuna gharama. Shaka ikibaki, mshitakiwa huachiliwa, na mdhulumiwa hurudi nyumbani na ukweli usiopata mnunuzi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Sina la kumwondolea uchungu huo, na bado nasema kanuni isivunjwe. Lakini kuna deni tunalomdai kila mmoja wetu: kuachiliwa kwa shaka si hukumu kwamba mdhulumiwa ni mwongo. Korti imesema tu kwamba ushahidi haukufika. Anayetoka kortini akamcheka yule binti njiani amempa hukumu ambayo hakimu hakuitoa.

Na tukiwa wakweli, haki nyingi hupotea kabla ya korti. Mtuhumiwa akiwa wa ukoo wetu, wazee hukaa, fedha zikatolewa, ikasemwa mambo yamalizwe nyumbani tusiaibike, mtoto hakuulizwa. Mtuhumiwa akiwa mgeni asiye na jamaa, hupigiwa ukelele wa mwizi, akauawa kwa mawe pasi na kuulizwa jina. Mtaa ni ule ule, na watu ni wale wale. Wa kwanza tulimnyima mdhulumiwa haki yake, wa pili tulimnyima mshitakiwa yake, na mara zote mbili hatukupima haki hata kidogo: tulipima nani ni wetu.

Basi kabla ya kulalamika kwamba korti imempendelea huyu au yule, tuihesabu mizani ya mtaa wetu wenyewe. Mshairi akigundua guni halaumu msomaji wala wino. Hurudi kwenye mshororo wake, akauhesabu upya.