Kanga Isiyokauka

Leo tena Kingolwira imeamka bila Uluguru. Wingu la masika limeimeza milima yote, na kanga niliyoanika juzi bado inachuruzika kwenye kamba.

Siku kama hizi moyo huwa mzito, tusifichane. Bibi jirani yangu hufunika tenga juu ya jiko la mkaa, akatandaza nguo za mjukuu, kisha huita kila apitaye barazani anywe uji wa tangawizi. Usiku jiko hulitoa nje. Moshi wa mkaa huua hata usipoonekana.

Maji haya ya mvua yatateremka mto Ngerengere, yaingie mto Ruvu, mwishowe yajaze ndoo Dar es Salaam. Sasa namsikia bibi: “Mwanangu, njoo, uji unapoa!”