Wawili kwa Elfu Kumi

Mtumie mamako "asilimia 20" kwenye WhatsApp, uweke na maneno "uvimbe wa ubongo", uone kama hataacha dawa usiku huohuo. Na nambari yenyewe ni ya kweli. Kule Uingereza, utafiti wa Million Women Study uliandikisha wanawake zaidi ya milioni moja, na ripoti ya 2010 ikaonyesha kwamba waliokuwa wakitumia homoni baada ya hedhi kukoma walipata uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo kwa takriban asilimia 20 zaidi ya wale ambao hawakuwahi kuzitumia. Baadaye hesabu ikapigwa kwa njia nyingine: wanawake 10,000 wakitumia homoni miaka 5, wawili zaidi watapata uvimbe. Hatari ni ileile. Sentensi moja inakunyima usingizi, nyingine inakuacha ukikuna kichwa.

Sasa nani ana haki ya kumchagulia mama sentensi?

Sisemi wawili ni wachache wa kupuuzwa. Wana wajukuu, wana shamba. Uvimbe unaotajwa sana hapa ni meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani na hukua polepole, lakini fuvu halina nafasi ya mgeni. Unaweza kukubana mshipa wa fahamu wa jicho, ukuletee kifafa, au ukufikishe kwenye meza ya upasuaji.

Kinachonisumbua ni upande wa pili wa mizani. Mwanamke wa miaka 52 anaamka mara nne usiku shuka zimelowa jasho, mchana maneno yanampotea katikati ya mkutano, na kitanda cha ndoa kimekuwa adhabu. Hayo hatuyaiti hatari kwa sababu tayari yametokea. Tunayaita umri. Daktari akiandika dawa ikadhuru, kuna wa kulaumiwa. Asipoandika, mama akateseka miaka saba, hakuna kesi wala kichwa cha habari. Eti hapo mikono yake ni safi?

Halafu woga wetu unabagua. Mwaka wa 2024, utafiti wa Ufaransa uliochunguza wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma uliihusisha sindano ya medroksiprojesteroni, ikitumiwa mwaka mmoja au zaidi, na hatari iliyopanda zaidi ya mara tano. Ndiyo sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, hiyo hiyo tunayoijua. (Mara tano ya kitu nadra bado ni nadra, lakini bado.) Mimi kliniki nilipimwa presha, nikaulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini, basi. Utafiti huohuo haukuona ongezeko kwa projesteroni yenyewe wala kwa koili ya levonojestreli. Kwa hivyo anayesema "homoni ni mbaya" hajasema kitu, lazima aseme ipi, kwa nani, kwa muda gani.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, nilimpa sentensi zote mbili. Akavua miwani.

"Na kati ya hao elfu kumi, wangapi watalala usiku?"

Nikamwambia tiba hiyo hupunguza mara za kupandwa na joto kwa takriban robo tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei.