Kiatu Kimfaacho Mtoaji

Nimwambiapo mgeni kwamba kwetu ni Ulaya, hucheka. Ulaya yetu haina theluji. Ipo wilayani Kilosa, katika njia ya kwenda Mikumi, nayo ina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Lakini viatu vya ile Ulaya nyingine, na vya Marekani pia, vilitufikia kwa wingi baada ya mitumba kuruhusiwa katikati ya miaka ya 1980.

Mwaka 1996 nilimnunulia mpwa wangu raba nyeusi za turubai, Converse All Star, zile zinazofunika vifundo vya miguu. Raba hizo zilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu, na baadaye watu wakazifanya za kutembelea kila siku. Zilikuwa ndogo kidogo. Muuzaji akanihakikishia, "Zitatanuka, mzee." Nami nikakubali kudanganywa, kwa kuwa nilikwisha kuona mbele ya macho yangu jinsi kijiji kitakavyonisifu.

Kijana alizivaa, akasema, "Zinanitosha, mjomba. Ahsante sana." Kila asubuhi akatembea nazo hadi shuleni.

Nilipokwenda kuwasalimu wakati wa likizo nilimkuta ananawa miguu. Kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi, moja karibu kung'oka. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakusema. Akajibu kwa upole: "Ulizileta kwa furaha, mjomba. Ningesemaje?"

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo humwelekea atazamaye kwa nje, asijione anajua. Lakini je, huyo aliyemtia mwenzake kaburini?

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Je, kijana alisema uongo? Ndiyo. Lakini mlango wa ukweli nilikuwa nimeufunga mimi. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kumwambia mjomba kwamba zawadi yake inaumiza. Nilichokiita shukrani kilikuwa kodi, naye akailipa kwa kucha zake. Naona basi kwamba mtoaji asiyeacha nafasi ya kuambiwa "hainifai" hajatoa bado. Amejinunulia sifa kwa mguu wa mtu mwingine.

Zile raba tulimpa mdogo wake wa kike. Safari hii nilimngoja hadi jioni, maana mguu huvimba kidogo mtu akishinda akitembea. Nikapiga magoti, nikabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kuona kama pana nafasi, nikamwambia atembee mpaka kisimani na kurudi. Kisha nikamuuliza. Akasema zinamtosha.

Nikamuuliza tena, na mara hii nikamwambia kwamba zikimbana sitakasirika. Akafikiri kwanza, ndipo akasema, "Cha kushoto kinabana kidogo, mjomba."

Sijapata kupewa ahsante iliyonifurahisha kuliko hiyo.