Jenga Mnara, Chimba na Kisima

Andiko kuu: 1 Wafalme 12:1-24, 2 Mambo ya Nyakati 26:9-10

 

Leo nataka tuongee kuhusu bajeti. Najua kuna mtu anasema moyoni, "Pastor, hayo ni ya Bunge, wewe tupe Neno." Ngoja kidogo. Neno la Mungu limejaa bajeti, na leo nitakuonyesha mpaka bei ya farasi.

Kila Juni Waziri wa Fedha anasimama Bungeni na mkoba wake, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Sisi huwa tunasikiliza mambo mawili tu: unga umepanda? Mafuta je? Tukishajua, tunazima redio. Ni nani kati yetu huuliza ni pesa ngapi zimeenda kwa bunduki na ni ngapi zimeenda kwa dawa?

Mimi pia nilikuwa siulizi. Kisha mwaka jana nikamsindikiza mama mmoja wa kanisa letu kuchukua dawa za presha. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yetu ilipofika, saa sita kasoro, tukapewa karatasi: dawa zimeisha, nendeni mkanunue. Mama huyu ana kijana mwanajeshi, na kijana huyo amewahi kutumwa Somalia. Tukiwa ndani ya matatu akaniambia, "Pastor, serikali ilimpa kijana wangu viatu, bunduki na gari la chuma. Nashukuru Mungu. Lakini anayelindwa si ni mimi? Sasa mbona nakosa tembe?" Sikuwa na jibu. Nilijifanya natafuta nauli. Leo yuko hapa kanisani, na ameniruhusu niseme.

Wapendwa, nisieleweke vibaya. Sisemi wanajeshi wasilipwe. Septemba 2013 watu 67 waliuawa pale Westgate. Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Vijana wetu walivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na wengine walirudi ndani ya sanduku. Mtu asiyeona haja ya mlinzi hajawahi kuzika. Mnara unahitajika, amina? Swali langu ni hili: ukishajenga mnara, kisima kiko wapi?

Tufungue Biblia. Mfalme Sulemani alikuwa na magari ya vita 1,400 na wapanda farasi 12,000. Aliyanunua Misri. Bei imeandikwa, 1 Wafalme 10:29: gari moja shekeli 600 za fedha, farasi mmoja 150. Na Mungu alikuwa amekataza hayo mapema. Kumbukumbu la Torati 17:16 inamwambia mfalme asijiongezee farasi, wala asiwarudishe watu Misri kwenda kuwatafuta. Nani aliyelipa? Mwananchi, kwa kodi na kwa kazi ya lazima. Samweli alikuwa ameonya zamani, 1 Samweli 8: mfalme atachukua wana wenu awaweke kwenye magari yake, na atachukua sehemu ya kumi ya mazao yenu.

Sulemani akafa. Watu wakamwendea Rehoboamu mwanawe. Hawakumwendea na mapanga. Walikuja na ombi moja: baba yako alitutwika mzigo mzito, tupunguzie kidogo nasi tutakutumikia. Wazee wakamshauri akubali. Akawasikiliza rafiki zake, akasema ataongeza mzigo. Makabila kumi yakaondoka siku hiyo. Msimamizi wa kazi za lazima akapigwa mawe, na mfalme akaparamia gari lake akakimbilia Yerusalemu.

Umeona hapo? Magari yote yale ya baba yake, na siku ya shida lililomfaa ni moja tu, la kukimbilia!

Rehoboamu hakujifunza haraka. Akakusanya askari 180,000 akapigane na ndugu zake, mpaka Mungu akamtuma Shemaya kuwaambia warudi nyumbani. Akaimarisha miji kumi na mitano, akaijaza ngao na mikuki. Halafu akaiacha sheria ya Bwana. Mwaka wa tano wa utawala wake Shishaki akaja, akaiteka miji ile yenye maboma, akabeba hazina za hekalu na za nyumba ya mfalme. Huyo Shishaki alikuwa mfalme wa wapi? Misri! Kule kule ambako fedha ya wananchi ilikwenda kununua farasi.

Sasa mwangalie Uzia. Kitabu kinasema alijenga minara nyikani, na hapo hapo kinasema alichimba visima vingi, kwa sababu alikuwa na mifugo mingi, na alipenda kilimo. Jeshi alikuwa nalo, watu 307,500, na ngao na helmeti. Lakini ukisimama juu ya mnara wake ukatazama chini, ulimwona ng'ombe akinywa maji. Mlinzi alijua analinda nini. Baadaye Uzia aliangushwa na kiburi, hilo ni somo la siku nyingine. Mwambie jirani yako: mnara na kisima!

Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya ilikuwa ndani ya ahadi hiyo, na mpaka leo hatujaitimiza. Mtaniambia, "Pastor, dawa za zahanati ni za kaunti, jeshi ni la serikali kuu." Ni kweli. Lakini kaunti na jeshi wanakula kutoka kapu moja la mapato ya taifa. Na Katiba, Kifungu cha 43, inasema matibabu, chakula na maji safi ni haki yako. Si msaada wa mheshimiwa.

Lakini kabla hatujanyoosha kidole Nairobi, acheni nitubu mbele yenu. Mwaka juzi kamati yetu ilileta mapendekezo mawili: kuinua ukuta wa kanisa na kuweka kamera, au kuongeza mfuko wa ustawi. Pesa zilitosha moja. Tulikuwa tumeibiwa spika, tuna hasira. Mimi ndiye niliyetia sahihi ya ukuta. Juzi nimejua kwamba baada ya siku ile ya matatu, mama huyu alikaa wiki mbili bila dawa. Hakutuambia, kwa sababu alijua mfuko ni mtupu. Kila Jumapili alikuwa ameketi ndani ya ukuta wangu, anaimba.

Nilimwona Rehoboamu, wapendwa. Alikuwa amevaa suti yangu.

Kwa hiyo tutafanya mambo mawili. La kwanza, wazee wamekubali sadaka ya Jumapili ya pili ya kila mwezi iende kwa mfuko wa ustawi kabla ya ujenzi wowote. La pili, Kifungu cha 221 kinaitaka kamati ya Bunge isikie maoni ya wananchi kabla bajeti haijapitishwa, na kaunti nayo huita vikao. Huwa viti viko wazi. Safari ijayo tutatuma watu wetu, wamesoma, wana adabu, waulize swali la mama huyu.

Tuombe. Baba, walinde vijana wetu walio mpakani, uwarudishe wazima. Wakumbushe viongozi wetu, na utukumbushe sisi, mtu aliye nyuma ya ukuta. Tusamehe pale tulipojenga tukasahau kuchimba. Katika jina la Yesu, amina.